Sauti Yenye Mkia

Shuleni tulifundishwa kwamba tanakali za sauti ni pambo. Giza ni totoro, aliyechoka hulala fofofo, shuka iliyofuliwa vizuri ni nyeupe pepepe, na mwanafunzi aliyeweza kutia tatu katika insha moja aliongezewa alama. Kitivoni tunazikuta tena, safari hii zikiwa na heshima zaidi. Clement Doke alizipa aina yake ya neno katika istilahi zake za lugha za Kibantu za mwaka 1935, na tangu hapo sarufi nyingi huzitengea kurasa chache karibu na mwisho. Mhadhiri hufika kwenye kurasa hizo muhula ukiwa umekwisha. Tunaambiwa tujisomee.

Mimi nilikwenda kuzisomea garajini. Kwa miezi mitatu, kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo, nimekaa juu ya kiti cha gari kisicho na gari, chini ya mwembe katika komini ya Kabondo, nikiwa na daftari na simu ya kurekodia, nikisikiliza watu wakiiga injini zao. Kule tanakali ni ushahidi. Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa uongo, na ikiwa uongo kuna mtu atakayelipa.

Magari mengi yanayoletwa pale yana usukani upande wa kulia, ingawa sisi huendesha kulia mwa barabara na tungepaswa kuwa na usukani kushoto. Yametengenezwa Japani, yakashushwa Mombasa, yakavuka Uganda, kisha yakaja kwetu kwa barabara ya Ituri: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Gari likimaliza njia hiyo, kila kilichokuwa kimelegea kimekwisha kuanza kusema. Mjini nako linakutana na petroli ya chupa, ile ya wauzaji wa kando ya njia tunaowaita Kadafi. Mafuta yakiwa yamechakachuliwa, mchanganyiko hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na injini ikibeba mzigo hutoa mlio wa kokoto ndani ya kopo. Dereva mmoja alikuja akaiga mlio huo, chekeleke-chekeleke, midomo ikitetemeka. Fundi hakufungua hata kapo. Alimwuliza amenunua mafuta kwa nani.

Fundi mwenyewe anakaribia miaka sitini na masikio yake yamechoka. Amegonga mabati na kushika mashine ya kusaga chuma tangu ujana wake bila kitu chochote masikioni. Kelele za namna hiyo huanza kula usikivu wa sauti za juu, karibu na hezi 4000, na kuacha za chini kwa muda mrefu. Kwa mwanafunzi wa fonetiki habari hiyo ina maana yake. Nguvu kubwa ya irabu iko chini ya hapo, lakini s, f, ch na ule mlipuko mdogo wa t huegemea sana huko juu. Ukimwita kwa nyuma atageuka. Ukimwambia “sita” anaweza kusikia “ita”. Na ndani ya injini mambo yako vivyo hivyo: mgoto mzito wa chini anausikia, lakini vijisauti vyembamba vya supape (vitabu vya Nairobi huziita valvu) vimemtoka miaka mingi sasa.

Kwa hiyo huuliza. Kabla ya kugusa chochote humtazama mteja mdomoni na kusema, “Iko nasema nini?” Akiwa na mtu wa Lingala: “Ezali koloba nini?” Angalia kitenzi. Kwa Kifaransa mteja huulizwa gari lake linafanya kelele gani. Kwa lugha zetu mbili za mjini gari linasema, na kinachofuata ni nukuu. Wanaosoma Kishona na Kizulu wanajua kwamba huko pia tanakali huingizwa kwa kitenzi cha kusema. Sikuwahi kuona jambo hilo kuwa na faida yoyote nje ya darasa mpaka nilipomwona mtu mzima, mfanyabiashara aliyevaa suti, akiitwa kunukuu gari lake mbele ya vijana sita, naye akakubali.

Nimekusanya nukuu nyingi, na kadiri nilivyozipanga ndivyo nilivyoona kwamba hazitupwi ovyo. Ya kwanza ni kasi yake. Injini iliyotulia bila kukanyagwa huzungusha krenki mara kama 800 kwa dakika, yaani zaidi kidogo ya mara 13 kwa sekunde. Supape hufunguliwa na mhimili unaokwenda nusu ya mwendo huo, kwa hiyo supape moja iliyolegea hugonga karibu mara saba kwa sekunde. Sasa jaribu mwenyewe. Silabi sita au saba kwa sekunde ulimi unaziweza, kwa taabu kidogo. Kumi na tatu hauziwezi. Ndiyo maana anayeiga supape husema ti-ti-ti-ti na silabi zake zinahesabika, lakini anayeiga kitu kinachozunguka pamoja na krenki huona ulimi umemshinda, akaacha silabi na kukimbilia kwenye kitetemeshi: trrr, krrr. Vijana wa garaji hawajui hesabu hiyo, au hawana haja nayo. Wakisikia silabi wanatazama juu ya injini, wakisikia mtetemo wanatazama chini. Mgoto wa biele tu, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni na krenki, ndio ambao watu huupunguza kasi. Husema ngo, ngo, ngo, polepole, kama wanaotangaza msiba. Nadhani uzito wake huwatisha kiasi kwamba mwendo wake wanausahau.

Kuhusu irabu sitasema mengi, maana Edward Sapir alikwisha kuonyesha mwaka 1929, kwa maneno ya kubuni mil na mal, kwamba watu huipa i vitu vidogo na a vitu vikubwa. Garajini i ni ya vitu vidogo vinavyogongana kwa sauti nyembamba, o ni ya vyuma vizito. Hakuna aliyeshangaa nilipowaambia.

Jambo ambalo sikulikuta katika kitabu chochote nilichosoma ni mkia. Neno ni la fundi. Sauti isiyo na mkia ni ile inayogonga na kukoma: ti, ko, ngo. Yenye mkia huongeza silabi nyepesi yenye l au r: tila, kolo, ngwala. Na tofauti yake ni ya chuma kabisa. Kitu kilichochakaa ndani ya mafuta hugonga mara moja, mafuta yakameza mlio. Kitu kilicholegea mahali pakavu hugonga, kikarudi, kikagusa tena. Silabi ya pili ndiyo mguso wa pili. Niliposikia maelezo hayo nilifikiri ni ya kunifurahisha mimi mwenye daftari, mpaka lilipoletwa gari la mama mmoja muuza maharagwe.

Lilikuwa Toyota Ipsum, lina giaboksi ya kujibadilisha yenyewe, nalo ndilo linalomletea mzigo kutoka barabara ya Ituri. Garaji nyingine ilikwisha kumwambia kwamba biele imekufa, injini itolewe, anunue nyingine iliyotumika. Bei waliyomtajia ilikuwa mtaji wake wote, na miezi ya kwanza ya shule ilikuwa inakaribia. Hakuja kwa fundi wetu kwa imani. Alikuja, kama alivyosema mwenyewe, ili asikie msiba mara ya pili ndipo alie.

Dereva, mtoto wa dada yake, ndiye aliyeanza. “Papa, iko nasema ngo, ngo, ngo.”

Fundi alikwisha kutikisa kichwa. Vijana walikwisha kuanza kutafuta ufunguo wa kumwaga mafuta. Mama akasema kutoka mlango wa kushoto: “Apana. Ngwala-ngwala-ngwala.”

Dereva akacheka, akasema mama hajui motere. Fundi hakucheka. Alimwuliza mama huwa anakaa wapi ndani ya gari. Mama akaonyesha kiti cha mbele kushoto. Hapa ndipo ule usukani wa kulia ulipogeuka kuwa hoja. Katika gari la aina hiyo injini imelazwa kukingama: mikanda iko upande wa kulia, giaboksi upande wa kushoto. Dereva hukaa nyuma ya mikanda. Abiria wa mbele hukaa nyuma ya giaboksi. Mashahidi wawili, kila mmoja na upande wake.

“Mama, piga ku kapo,” fundi akasema. Aige kwa mkono. Hiyo ndiyo njia yake anapohofia kwamba konsonanti zimempita. Mama akapiga: kiganja kwanza, kisha pete ya kidole, kiganja, pete, kiganja, pete. Nilikuwa nimesimama karibu naye na nywele zilinisimama, maana ile pete ilikuwa silabi ya pili, waziwazi kama kwenye mchoro wa sauti.

“Iko na mukia,” fundi akasema.

Kisha likafuata jaribio la vyuma. Walivuta waya za buji, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inazunguka. Silinda isipowaka haisukumi pistoni kwa nguvu, kwa hiyo kama biele yake ndiyo inayogonga, mgoto hupungua au hunyamaza. Waya zote nne zilivutwa na kurudishwa, na mgoto haukubadilika. Wakamwaga mafuta kidogo kwenye sahani nyeupe, wakayageuza juani wakitafuta mng'ao wa vumbi la chuma ambalo beringi za biele huacha zikiwa zinakufa. Hayakung'aa. Kijana mmoja akakaa ndani, akakanyaga breki kwa nguvu, akatia gia. Mlio ukafifia. Akarudisha, ukarudi.

Fundi akachukua turnevisi ndefu, ncha akaiweka kwenye ganda la giaboksi, mpini akaukandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio. Huwa anafanya hivyo kwa kila gari, na hukaa hivyo muda mrefu kuliko wengine, macho yamefumbwa. Halafu akalala chini ya gari. Kati ya krenki na giaboksi ya namna hiyo kuna sahani nyembamba ya chuma, na konvata hufungwa kwenye sahani hiyo kwa bolti. Aliyewahi kuishusha giaboksi hiyo hakuzikaza zote. Mbili zilikuwa zinazungushika kwa vidole. Gia ikiingia, konvata huvutwa upande mmoja na kutulia, ndiyo maana mlio ulififia. Gia ikitoka, huanza kucheza: pigo, kisha mrudio. Ngwala.

Kazi yote ilimalizika kabla ya saa nane mchana. Mama alilipa gharama ya mikono na bolti mbili mpya, akabishana bei hata hiyo, akaondoka. Dereva hakusema neno.

Nilipompelekea mhadhiri anayenisimamia sura hii ya kazi yangu, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nikilingoja: “Haya ni maneno, au ni kelele tu za mdomo?” Ni swali la haki. Ngwala haina ngeli, haikanushwi, haina wakati, na kesho mteja mwingine anaweza kusema kwara. Jibu langu ni kwamba kelele haibishaniwi. Dereva alisema ngo, mama akasema hapana. Hapana hiyo haikuwa ya matamshi. Mmoja alisema jambo lililokuwa kweli kuhusu chuma na mwingine alisema jambo lisilokuwa kweli, na wote waliosimama pale walijua tofauti kati ya fomu hizo mbili kabla ya kuijua tofauti kati ya hali hizo mbili. Vijana huwasahihisha wateja: “Sema muzuri, iko ti ao iko tila?” Mimi sioni jamii inayoweza kusahihishana juu ya kitu kisicho neno.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi: maneno ya lugha gani? Majina ya vyuma pale ni ya Kifaransa yaliyovaa nguo zetu, vitenzi ni vya Kiswahili au Lingala kutegemea nani amesimama, matusi ni ya Lingala sikuzote. Nico Nassenstein, aliyechapisha mwaka 2015 kitabu juu ya Kiswahili cha Kisangani, alikiita katika kichwa chake suala la chaguo na tofauti, na kweli hapa kila sentensi ni chaguo. Lakini tanakali haichaguliwi. Ngwala inapita kutoka sentensi ya Kiswahili kwenda ya Lingala bila kulipa ushuru. Nimeiandika katika orodha ya Kiswahili kwa sababu kazi yangu ni ya Kiswahili. Mwenzangu anayeandika juu ya Lingala anaweza kuidai, na sina cha kumjibu.

Nyakati nyingine, nikimtazama fundi akipigiwa kapo, nilikuwa nikiwaza ngoma ya Walokele. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, mwendo mfupi chini ya mto kutoka hapa mjini, alieleza katika kitabu chake cha 1949 jinsi ngoma ya gogo yenye toni mbili tu inavyoweza kuzungumza. Konsonanti zote na irabu zote hupotea. Hubaki toni, na maneno mengi hufanana kwa toni: kuku na mwezi ni jozi yake maarufu. Kwa hiyo mpigaji hurefusha. Kuku hapigwi peke yake. Huongezewa kwamba ni yule mdogo asemaye kiokio. Yaani ngoma ikitaka kueleweka kwa mbali, huazima nukuu ya ndege. Nataka kuamini kwamba kuna uhusiano kati ya ngoma ile na kapo ile. Ushahidi sina, na nimeufuta ukurasa huo katika kazi yangu mara mbili. Ninachoweza kusema ni kwamba tatizo ni moja: masikio yanayopokea nusu tu ya ujumbe, na werevu wa wanaotuma.

Wiki ya mwisho ya utafiti ililetwa Corolla iliyokuwa na mlio mwembamba asubuhi, injini ikiwa baridi. Kijana mkubwa alisema ti-ti-ti: supape, wafungue kifuniko cha juu. Kijana mdogo alisema chi-chi-chi: hewa ya moshi inavuja pale bomba linapoungana na injini, wakaze nati tu. Mwenye gari aliiga vyote viwili, akitaka kumpendeza kila mtu. Hata kwenye kapo aligonga bila mpango. Fundi alitazama midomo, mmoja hadi mwingine, na nikaelewa kwamba wamegombana juu ya jozi ambayo yeye haipati tena. Ti na chi kwake ni i mbili. Turnevisi ilimpa mtikisiko bila mlio.

Nilikuwa na kompyuta. Nikaweka simu karibu na injini, nikarekodi nusu dakika, nikapunguza mwendo wa rekodi kwa nusu, maana hapo sauti ya hezi 4000 hushuka hadi 2000. Nikamvisha spika za masikioni. Alisikiliza, akakunja uso. “Ile haiko motere hii. Iko polepole sana.” Alikuwa na haki: nilikuwa nimemshushia sauti na kumharibia kasi, na kasi ndiyo nusu ya nukuu. Programu ya Audacity inaweza kushusha sauti bila kugusa kasi. Nikafanya hivyo, nikamrudishia.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha midomo yake ikaanza kusogea, na nikasoma kabla ya kusikia: chi, chi, chi. Akamtuma kijana mdogo apitishe kidole kwenye maungio ya bomba. Kidole kikarudi kikiwa cheusi kwa masizi. Wakakaza nati.

Hakunirudishia spika. Aliniuliza kama mashine hiyo inaweza kushusha pia sauti ya mjukuu wake, wa miaka minne, ambaye yeye anamsikia akilia lakini hasikii anachosema. Nilimwambia inaweza, ila mtoto atazungumza kama mzee.

Akasema hilo halina neno.